Jogoo wa Milia na Vifaranga wa Rangi Mbili

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa nyumbani, ninafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba hapa Ipuli, Tabora. Nina mitetea 12: saba weusi, watatu wekundu na wawili weupe. Mwaka jana nilinunua mnadani jogoo wa milia myeusi na myeupe, nikikusudia kupata kundi zima la rangi hiyo. Makoo weusi walipoangua nilipata vifaranga 19, kati yao 10 ni wa milia na tisa ni weusi watupu. Jirani anasema jogoo wake mwekundu ndiye aliyewapanda, na kwamba mtetea akishapandwa na jogoo mwingine damu ile haimtoki tena. Mwingine ananishauri nichague mayai ya mviringo ili nipate majike, kisha niwarudishe mabinti kwa baba yao ili rangi ishike. Nina pia jogoo wangu wa zamani, mkubwa, wa rangi ya moto, ambaye nimemtenga bandani na mume wangu anataka tumchinje. Nifanye nini?"

Marahaba, na ahsante kwa kuhesabu vifaranga wako na kuandika rangi zao, kwa kuwa bila hesabu hiyo ningebaki kukisia tu. Naona una mambo mawili yanayokusumbua: kwamba huenda umeuziwa jogoo asiye halisi, na kwamba huenda mitetea wako wameharibika kwa kupandwa na jogoo wa jirani. La pili liondoe moyoni kabisa. La kwanza lina ukweli ndani yake, ila si kwa maana unayoihofia, na namba zako zenyewe ndizo zinazolieleza.

Vifaranga 10 wa milia kati ya 19 ni nusu, kwa ukaribu ambao 19 inaruhusu. Nusu hiyo ndiyo tunayoitarajia jogoo wa milia mwenye urithi wa upande mmoja tu, yaani aliyeipata milia kwa mzazi mmoja, anapopanda mitetea weusi. Hakuhitajiki jogoo wa jirani ili kuyaeleza matokeo haya. Siwezi kuapa kwamba hakupenya uani mwako, lakini kama baadhi ya hao tisa weusi ni watoto wake, mara nyingi watajitambulisha wenyewe: mapora waliozaliwa na baba mwekundu na mama mweusi, wanapokomaa, huota wekundu au udhahabu kwenye manyoya ya shingo, mgongo na mabega. Wasubiri wafike miezi mitano hivi, kisha waangalie juani.

Sasa nieleze rangi inavyorithiwa, kwa sababu ukilielewa hili hutahitaji kumuuliza mtu kila kundi linapoanguliwa. Manyoya ya kuku hupata rangi kutokana na vitu viwili tu, kimoja cheusi na kingine chekundu, ambacho kikififia huwa cha dhahabu au cha mchanga. Rangi nyingine zote unazoziona mnadani hutokana na wingi wa hivi viwili, mahali vilipowekwa, na jeni, yaani vipande vya urithi ambavyo mzazi humpa mtoto, zinazovizuia visitokee. Mlia mweupe wa jogoo wako si rangi ya tatu. Ni sehemu ya unyoya ambayo rangi haikuwekwa, kwa kuwa jeni ya milia husimamisha na kuruhusu upakaji wa rangi kwa zamu wakati unyoya unapoota. Ndiyo maana milia huonekana safi kabisa juu ya kuku mweusi, huonekana hafifu juu ya kuku mwekundu, na haionekani juu ya kuku mweupe. Tafadhali pia usiichanganye na madoa ya kanga, yaani vidoa vyeupe kwenye ncha za manyoya. Madoa hayo yana jeni yake nyingine, ambayo kwa kawaida hujificha mpaka kifaranga airithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hivyo mpango wa kuyapata ni tofauti kabisa na huu.

Kwamba kuku hufuata kanuni za urithi zilezile ambazo mtafiti Gregor Mendel alizipata kwenye njegere ni jambo lililoonyeshwa na mwanasayansi William Bateson wa Uingereza tangu mwaka 1902. Jeni ya milia ikawa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa kujulikana kwamba zimefungamana na jinsia, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapopotea. Jogoo ana kromosomu, yaani nyuzi ndogo zinazobeba jeni, mbili za jinsia zinazofanana, zinazoitwa Z. Mtetea ana Z moja, na nyingine yake ni fupi, inaitwa W. Jeni ya milia imekaa juu ya Z. Kwa hiyo jogoo anaweza kuwa na milia mara mbili, mara moja, au asiwe nayo kabisa, ilhali mtetea ama anayo mara moja ama hana. Kifaranga jike hupewa W na mama yake, na ile Z yake moja huipata kwa baba peke yake. Kifaranga dume hupata Z moja kwa kila mzazi.

Matokeo ya mpangilio huo yanawashangaza watu, lakini hayakwepeki: mtetea wa milia hawezi kumrithisha binti yake milia hiyo. Huwarithisha watoto wake wa kiume tu. Milia ya binti hutoka kwa baba. Ukimpandisha mtetea wa milia kwa jogoo asiye na milia, wana wote wa kiume watatoka na milia na mabinti wote watatoka bila hiyo, na wafugaji wengi wakiona hivyo humlaumu mtetea, wakati yeye ametoa chote alichokuwa nacho. Kwa hiyo anayetaka kundi la milia aanze kwa kumchunguza jogoo. Mtetea hana pa kuificha jeni hii isipokuwa awe mweupe: ukiiona, anayo, na usipoiona kwenye manyoya yenye rangi, hana. Jogoo ndiye anayeweza kukuonyesha milia mizuri huku nusu ya urithi wake ikiwa haina kitu, na wako ndivyo alivyo. Muuzaji huenda hakukudanganya, kwa kuwa kwa macho yake yule ni jogoo wa milia, na ni kweli ni jogoo wa milia.

Hata hivyo jicho lililozoea hupata dalili. Jogoo mwenye jeni hiyo mara mbili huwa na mlia mweupe mpana kuliko ule mweusi, kiasi kwamba ukimtazama kwa mbali anaonekana wa kijivu cheupe. Mwenye jeni moja huwa na weusi mwingi zaidi na hufanana kwa ukolezo na mitetea wa milia. Linganisha jogoo wako na mabinti zake watakapokomaa. Nadhani utaona hawatofautiani sana. Kwa vifaranga wa siku moja, wale wa milia wenye asili nyeusi huwa na doa jeupe au la manjano hafifu utosini, na wasio na milia hawana doa hilo. Tumbo jeupe lisikuchanganye, kwa sababu vifaranga weusi wa kawaida nao huanguliwa na tumbo na ncha za mabawa nyeupe. Tazama kichwa. Milia yenyewe huonekana vizuri wanapofikisha wiki sita hivi, kwa hiyo usiuze wala kugawa kifaranga kwa sababu ya rangi kabla ya hapo.

Kipimo cha uhakika kuliko jicho ni uzao. Mweke jogoo unayemchunguza na mitetea weusi. Akitokea hata kifaranga mmoja asiye na milia, na una hakika hakuna jogoo mwingine aliyeingia, basi huyo ana jeni moja. Wakitokea vifaranga saba wote wa milia bila hata mmoja kukosa, uwezekano kwamba ana jeni moja na amebahatisha tu ni chini ya 1 kati ya 100. Usimpime kwa mitetea wa milia kisha ukahesabu vifaranga wote kwa pamoja, maana wana wa kiume wangetoka na milia kwa sababu ya mama hata kama baba hana lolote. Huko huhesabiwa majike peke yao.

Kuhusu damu isiyomtoka mtetea, jirani amekosea, ingawa naelewa imani hiyo ilikotoka. Mtetea ana vijifuko ndani ya mfumo wake wa uzazi ambamo mbegu za jogoo hukaa hai, na anaweza kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili, pengine hata tatu, baada ya kutenganishwa na jogoo. Mtu akibadilisha jogoo leo na kuanza kukusanya mayai kesho, atapata watoto wa jogoo aliyeondoka na kudhani damu imeganda mwilini. Baada ya wiki tatu hakuna kilichobaki. Watenge mitetea uliowachagua kwa wiki tatu kamili pasipo jogoo yeyote, kisha muingize unayemtaka, na uanze kukusanya mayai ya kuangulisha baada ya wiki moja. Umbo la yai nalo halihusiki na jinsia. Jinsia huamuliwa na mtetea, kwa ile Z au W inayobaki kwenye kiini kabla hata ganda halijajengwa, na mayai marefu na ya mviringo hutoa majogoo na majike kwa kiwango kilekile. Yale marefu kupita kiasi au yenye ganda lenye mikunjo yaache kwa sababu nyingine: huanguliwa vibaya.

Sasa niingie kwenye ushauri wa kumrudisha binti kwa baba. Kwa upande wa rangi, njia hiyo inafanya kazi, na sitakuficha hilo. Jogoo wako mwenye jeni moja akipanda binti zake wa milia, nusu ya wana wa kiume watakuwa na jeni mbili, yaani wale wa kijivu cheupe, na mmoja wa hao akiwa baba wa kundi, kila kifaranga baada yake atakayezaliwa na mtetea mweusi au wa milia atatoka na milia. Lakini gharama yake ni kubwa kuliko inavyosemwa. Kifaranga wa baba na binti ana uwezekano wa robo wa kukutanisha nakala mbili za urithi uleule kwenye kila jeni, na miongoni mwa jeni hizo zimo mbaya zilizokuwa zimejificha. Dalili zake huanza kwa mayai yasiyoanguliwa, vifaranga dhaifu, midomo au vidole vilivyopinda, na mitetea wanaotaga kidogo. Mara moja huenda usione kitu. Ukirudia vizazi viwili au vitatu, utaona.

Kuna njia ninayoipendelea, na kwa hali yako si ngumu. Watunze mitetea wa milia watakaotoka katika hao 10, ambao huenda wakawa watano hivi, kisha mtafutie kundi lako jogoo mwingine wa milia asiye na undugu nao, wa kijivu cheupe, kutoka mbali na hapo ulipo. Ulizia kwa watu wanaokwenda Nzega, Urambo au Sikonge, na ikiwezekana uombe kuwaona watoto wake kabla ya kununua. Akiwa kweli ana jeni mbili, vifaranga wote wa mitetea hao watatoka na milia katika uzao wa kwanza, wana wa kiume wakiwa na jeni mbili na mabinti wakiwa nayo moja, ambayo ndiyo yote binti anayoweza kuwa nayo. Hapo rangi imeshika, na hujazalisha baba na binti. Jogoo wako wa sasa utambadilisha na mfugaji mwingine. Kitu kimoja nikutahadharishe: usimchague jogoo wa kuendeleza kundi kutoka katika hao 10 wa sasa. Mama zao ni weusi, kwa hiyo kila dume mwenye milia hapo ana jeni moja tu, hata angekuwa mzuri namna gani, na ukimtumia utarudi palepale pa nusu kwa nusu.

Baada ya rangi kushika, jambo litakaloamua afya ya kundi lako ni idadi ya majogoo. Katika kundi lililofungwa, lenye jogoo mmoja na mitetea 10, kiwango cha undugu hupanda kwa takriban asilimia 14 kila kizazi. Ukiongeza mitetea hadi 50 kwa jogoo yuleyule mmoja, kinashuka hadi asilimia 13 tu. Ukiongeza jogoo wa pili asiye ndugu kwa mitetea walewale 10, kinashuka hadi asilimia 7.5. Ona tofauti hiyo: jogoo mmoja wa ziada anafanya kazi ambayo mitetea 40 hawawezi kuifanya. Kwa hiyo kubadilishana majogoo na mfugaji mwenzako kila baada ya mwaka mmoja au miwili ni muhimu kuliko kuongeza idadi ya kuku.

Kuhusu mitetea wako wa rangi nyingine, weusi ndio wa kuanzia, kama bahati ilivyokupa. Wekundu watakupa watoto wa milia pia, ila majogoo wengi watatokea na shingo na mabega ya dhahabu yaliyochanganyika na milia, na kuisafisha rangi hiyo huchukua vizazi kadhaa vya uchaguzi. Weupe waache nje ya mpango huu. Weupe wao ni pazia tu. Nyuma yake kunaweza kuwa na weusi, wekundu au hata milia, na weupe wa aina moja hutawala uzao ukawaona vifaranga weupe wenye vidoa vichache vyeusi, ilhali weupe wa aina nyingine hujificha kisha ukaibuka kwa wajukuu bila kutarajiwa. Waendelee kukutagia mayai ya kula.

Nimefika kwa jogoo wa rangi ya moto, na hapa nakuomba kwa dhati uzungumze na mzee nyumbani kabla kisu hakijatolewa. Mkoa wenu wa Tabora ndio nyumbani kwa Singamagazi, mojawapo ya aina za kuku wa asili wenye miili mikubwa nchini, ambao majogoo wao hufahamika kwa rangi hiyo hiyo ya moto, wakifikia wastani wa kilo 2.9, na mitetea wao kilo 2.3. Siwezi kusema kwa maelezo ya mstari mmoja kwamba wako ni Singamagazi, lakini kuku mkubwa aliyezoea hali ya hewa yenu na kuishi miaka kadhaa bila kuanguka ni hazina. Rangi haiongezi yai wala nyama, bali mwili na ustahimilivu ndivyo vinavyoongeza. Jogoo wa mnadani anaweza kuwa na damu ya chotara kama Kuroiler, ambao wengi wana milia, na mabinti wa damu hiyo mara nyingi hupungukiwa na tabia ya kuatamia. Kama unategemea makoo na huna mashine ya kutotoleshea, utaiona hasara hiyo mapema. Katika kuchagua mitetea wa milia wa kubaki nao, kwa hiyo, tazama kwanza nani anakua vizuri, nani anatulia kwenye mayai na nani anafikisha vifaranga wake salama. Rangi iamue kati ya wale waliokwisha kufaulu hapo.

Tena huyo jogoo wako wa rangi ya moto ana faida nyingine inayotokana moja kwa moja na elimu ya Z na W. Utakapokuwa na mitetea wa milia wa kutosha, watenge wachache umpe yeye. Vifaranga dume watarithi milia ya mama na kuanguliwa na doa jeupe utosini. Majike wataanguliwa weusi bila doa. Utawatenganisha siku ya kwanza kwa kutazama kichwa, na majike utawauza kwa watu wanaotaka mitetea wa mayai bila kubahatisha. Hapo palipoonekana kasoro, kwamba mtetea hampi binti yake milia, pamekuwa biashara. Vifaranga hao si wa kuendeleza rangi, kwa hiyo usiwarudishe kwenye kundi la milia.

Haya yote hayawezekani pasipo alama. Andika kwa penseli kwenye ganda jina la banda na tarehe, weka mayai mahali pa baridi, ncha iliyochongoka ikiwa chini, na usiyaweke zaidi ya siku saba, hasa mwezi wa Septemba na Oktoba joto la Tabora linapokuwa kali. Vifaranga wafunge uzi wa rangi mguuni kwa ulegevu, na uulegeze tena kila wiki mbili, maana mguu hunenepa na uzi hukata. Baadaye tumia pete za plastiki. Daftari la shule linatosha kwa kumbukumbu.

Na chanjo ya kideri isikose. Matone ya I-2, tone moja jichoni, yarudiwe kila miezi mitatu kwa kuku wote, pamoja na wale wanaotembea. Kundi la rangi ulilolijenga kwa miaka miwili linaweza kuisha ndani ya wiki moja ya kiangazi.

Mwite ofisa mifugo wa kata afike kwako ukiona kuku wamezubaa na kuharisha kijani, shingo kupinda au vifo vya ghafla, na usisubiri kuona kama watapona. Mzoga uliokufa muda huo huo, ukifungwa vizuri kwenye mifuko miwili na kubebwa kwa ubaridi, unaweza kupimwa katika kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo Tabora. Mwite pia kama zaidi ya nusu ya mayai hayaanguliwi kwa makoo wawili mfululizo, au vifaranga wenye vilema wakijirudia, na umwonyeshe daftari lako ili ajue nani alipandwa na nani. Manyoya meupe machache yanayoota peke yake juu ya kuku mweusi baada ya jeraha, au weusi unaopauka kwa jua na kurudi baada ya kunyonyoka, hayo si ugonjwa wala si urithi. Hayahitaji dawa yoyote.